Oda Zisikutoe Roho: Hesabu Saa Zako za Kazi

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuache mtaji na matangazo kidogo. Tuongelee mwili wako.

Chukua muuzaji wa huku Rugu, Karagwe. Asubuhi yuko shambani. Akirudi anapiga picha za maharage, kahawa au vitenge, anatupia status. Mchana anafunga mizigo na kuwahi usafiri wa Kayanga. Usiku wenzake wamelala, yeye bado anajibu "Bei gani?" na "Mpaka Dar nauli shingapi?" Piga hesabu: saa 10 kwa siku, siku 6, tayari ni saa 60 kwa wiki.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) walitoa utafiti wao. Anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo ni kubwa kwa asilimia 17.

Inakuwaje? Ukiwa na msongo muda mrefu, moyo unakwenda mbio na presha inapanda. Usingizi ndio muda wa presha kushuka, na wewe umeukata. Ongeza kukaa sana, kula ovyo na kukosa mazoezi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imemwekea mwajiriwa kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Wewe uliyejiajiri huna wa kukwambia "nenda kapumzike". Kikomo unajiwekea mwenyewe.

Fanya hivi:

1. Andika saa zako kwa wiki moja. Kujibu meseji nako ni kazi, usiache kuhesabu.

2. Weka saa ya kufunga, mfano saa 2 usiku. WhatsApp Business ina ujumbe unaojituma wenyewe: "Tumefunga, tutakujibu kesho saa 2 asubuhi." Mteja mwenye nia anasubiri.

3. Bei, saizi na nauli ziweke kwenye katalogi na majibu ya haraka. Swali moja usiliandikie jibu mara 40.

4. Panga siku 2 au 3 za kutuma mizigo kwa wiki, zitangaze. Sio kila oda ikukimbize stendi.

5. Simu ilale mbali na kitanda. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 hivi au zaidi.

6. Siku moja kwa wiki usiuze kabisa.

7. Pima presha hata kama huumwi. Presha ya juu mara nyingi haina dalili. Ikifika 140/90, rudi upimwe tena na uongee na daktari.

Ukiona mdomo umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umekosa nguvu ghafla, au maneno hayatoki vizuri, usisubiri kupambazuke. Hiyo ni dalili ya kiharusi, wahi hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo kifua kikibana.

Kumbuka, duka lako ni wewe. Ukilazwa wiki mbili, hakuna wa kujibu, hakuna wa kufunga mzigo, na mtaji ndio unageuka hela ya matibabu. Oda ya saa 6 usiku hailipi hasara hiyo.

Wewe unafunga saa ngapi? Mtumie na mwenzako anayekesha.