Mlangoni Kiswahili, Ukutani Kiingereza

Jina jema hung'ara gizani, walinena wahenga. Iwapo kauli hiyo ni kweli, basi sanaa ya uchoraji na uchongaji jijini Nairobi ingepaswa kung'ara kuliko shughuli nyingine yoyote, kwa kuwa imejaliwa majina mema, na mengi ya majina hayo ni ya Kiswahili.

Hebu tuyataje machache. Mwaka wa 1965 mchoraji Elimo Njau, mzaliwa wa upande wa Kilimanjaro, alianzisha pamoja na wenzake kituo cha Paa ya Paa. Jina hilo ni mchezo wa maneno: paa ni mnyama wa mwituni, na kupaa ni kwenda juu. Mwishoni mwa mwongo huohuo wasanii watatu walifungua jumba la maonyesho wakaliita Watatu. Lilidumu kwa miongo minne hivi kabla ya milango yake kufungwa. Mwaka wa 1995 shirika la Kuona lilizaliwa katika Makavazi ya Taifa, likiwapa wasanii chipukizi mahali pa kufanyia kazi. Mwaka wa 2001 vijana wawili waliokuwa wakiandika mabango ya biashara huko Kibera waliunda kundi la Maasai Mbili. Buruburu ikatupa Brush Tu, na Mukuru, katikati ya mabati na viwanda, ikatupa Wajukuu.

Mimi ni mwanaisimu, na majina hunipendeza kama vile vipepeo wanavyompendeza mwanabiolojia. Naungama kwamba mwalimu wa sarufi angelichora Maasai Mbili mstari mwekundu na kudai Wamaasai Wawili. Darasani angekuwa na haki yake. Lakini vijana wale hawakufungua kamusi. Walichukua lugha waliyoisema kila siku kichochoroni, wakaitundika juu ya mlango ili kila apitaye ajue kwamba mahali pale ni pake pia.

Tatizo, msomaji, huanza ukishalipita jina hilo na kuingia ndani. Aghalabu Kiswahili hukioni tena. Kibandiko kilicho kando ya picha ni cha Kiingereza. Kijitabu cha maonyesho ni cha Kiingereza. Hotuba ya ufunguzi ni ya Kiingereza, na mahojiano na msanii, ambaye pengine dakika tano zilizopita alikuwa akitaniana na wenzake kwa Kiswahili, huwa ya Kiingereza vilevile.

Si muda mrefu uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu katika maonyesho fulani jijini. Tulisimama mbele ya picha kubwa ya wanawake waliopanga foleni penye mfereji wa maji. Kando yake palikuwa na maelezo marefu yaliyosheheni istilahi kuhusu mwili, nafasi na kumbukumbu. Wanafunzi waliyasoma mara mbili, wakayanakili katika madaftari yao, kisha wakanyamaza. Mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, haya yatatahiniwa?"

Askari wa jumba lile, mzee wa makamo aliyekuwa amesimama pembeni, alitukaribia kwa adabu. "Samahani, Mwalimu," akasema, "mtazameni huyu mama wa tatu. Wenzake wameushika mtungi. Yeye hajaushika, ameuegemea. Huyu amekuwa hapa tangu alfajiri." Alitueleza pia kwa nini mchoraji aliutia mfereji rangi iliyofifia kuliko vitu vingine vyote: maji yenyewe hayakuwa na hakika ya kuja. Baada ya hapo wanafunzi wangu hawakunyamaza tena. Walibishana mpaka basi letu likatupigia honi.

Nilimuuliza mzee yule kama amewahi kuwaeleza wageni wengine mambo hayo. Alicheka. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na maandishi ya ukutani hakuwa akiyaelewa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafakari jambo moja. Sanaa yetu ya macho haina upungufu wa vipawa. Upungufu wake mkubwa ni mazungumzo, na mazungumzo ni mepesi zaidi katika lugha ambayo watazamaji wengi wanaimiliki. Tukiwanyima lugha hiyo, tumewanyima nusu ya picha.

Chukua mfano wa Sane Wadu, msanii wa Ngecha. Mwaka wa 2022 taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoasisiwa na mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, iliwafungulia watu milango yake kwa maonyesho ya kazi za Wadu. Walimu wenzangu watapenda kujua kwamba Wadu naye alikuwa mwalimu kabla ya kuweka chaki chini na kushika brashi. Watu walimwona amerukwa na akili. Naye akawajibu kwa kujiita Sane, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya mtu mwenye akili timamu. Ni jibu la ujasiri na ucheshi. Ila nimejiuliza mara nyingi: je, jirani yake asiyejua Kiingereza aliupata ucheshi huo, au alibaki akiamini kwamba mwalimu wa watu amepotea?

Hasara hii haiishii kwa mtazamaji; inamfika msanii mwenyewe, hasa kijana anayetafuta nafasi. Na nafasi zipo, tena zinaongezeka. Kuna mashindano, kuna mialiko ya kukaa na kufanya kazi katika karakana za ng'ambo, na tangu mwaka wa 2013 kampuni ya Circle imekuwa ikiendesha minada ya sanaa jijini Nairobi. Mtaala wa umilisi nao umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu. Lakini karibu kila mlango wa nafasi hizo una fomu, na fomu hiyo humtaka msanii aeleze kazi yake kwa Kiingereza cha kisomi.

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, mzaliwa wa pwani, aliniletea fomu kama hiyo. Alikuwa akichora picha zilizojengwa kwa vipande virefu vyembamba vya rangi vilivyopishana. Maelezo aliyoyaandika yalikuwa mkusanyiko wa maneno makubwa aliyoyaokota katika vijitabu vya maonyesho. Nilipomuuliza kwa Kiswahili anachofanya, alinieleza kwa muda mrefu pasipo kukwama: nyanya yake alikuwa msusi wa mikeka, yeye alikua akimtazama akisuka ukili, kisha akiushona ukili kwa ukili, na katika kila picha aliacha mshono mmoja wazi, kwa sababu nyanya alifariki kabla ya kuumaliza mkeka wake wa mwisho. Hayo yote hayakuwamo katika fomu.

Na mimi, daktari wa isimu, nilifanya nini? Nilichukua kalamu nikasahihisha Kiingereza chake. Nilimrudishia karatasi yenye sarufi safi, isiyo na nyanya wala ukili. Fomu ile hakuituma. Aliniambia baadaye kwamba alipoisoma hakumtambua mtu aliyeelezwa humo. Kosa hilo ni langu, na ndilo lililonisukuma kuyaandika haya.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuzungumzia sanaa za macho. Pingamizi hii hutolewa kwa urahisi na watu ambao hawajajaribu. Ni kweli kwamba vivumishi vyetu asilia vya rangi ni vitatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Lakini tazama jinsi lugha ilivyotembea jikoni, shambani na angani kutafuta nyingine. Kijani kimetoka katika jani, kijivu katika jivu, na kahawia katika kahawa. Manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, na samawati ni mbingu iliyotufikia kupitia Kiarabu. Mwuza leso atakuonyesha damu ya mzee, na ngozi ya mtu tunaweza kuieleza kuwa ni ya maji ya kunde. Lugha yenye macho ya namna hii haiwezi kuitwa kipofu.

Isitoshe, fundi wa Lamu amekuwa akizungumzia nakshi za milango kwa karne nyingi. Analo jina la mfaa, ule ubao wa katikati, na aliyezijenga kuta za nyumba zilezile ana zidaka za kupambia vyombo. Mfinyanzi ana msamiati wake na msusi ana wake. Darasani nako kila mwanafunzi wa fasihi anajua fani na maudhui, taswira, ishara na mtindo. Ni nini kinachotuzuia kuyahamisha maneno hayo kutoka kwenye ukurasa wa riwaya hadi kwenye turubai? Zipo dhana ambazo bado zinatafuta jina lililokubalika, sikatai. Lakini istilahi hukomazwa na matumizi. Hakuna kamati iliyokaa kutunga jua kali wala matatu. Watu walikuwa na haja ya maneno hayo, wakayatumia, na kamusi zikafuata nyuma.

Pingamizi ya pili ina uzito zaidi: wanunuzi wengi wa sanaa hii kwa miaka mingi wamekuwa wageni na matajiri, na mkate wa msanii unatoka kwao. Sisemi Kiingereza kifukuzwe. Nasema kisikae peke yake. Kibandiko kinaweza kubeba lugha mbili kama kinavyobeba moja, na Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Zaidi ya hayo, soko linalotegemea wageni pekee hutetereka kila wageni wanapopungua. Mnunuzi wa kesho wa Kenya ni mwanafunzi wa leo. Asiyefunzwa kuizungumzia picha hatainunua atakapopata mshahara, wala hatalalamika kuta za taifa zikikosa picha.

Wala tusidhani kwamba ulimwengu unamheshimu tu msanii anayejificha nyuma ya lugha ya wengine. Mwaka wa 2022 kundi la Wajukuu lilialikwa katika maonyesho makubwa ya documenta mjini Kassel, Ujerumani. Waliufunika mlango wa jumba la maonyesho kwa mabati yenye kutu kama ya Mukuru, na mgeni akaingia ndani kupitia kijia chenye giza. Walitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode mwaka huohuo. Hawakulibadilisha jina lao ili Mjerumani alitamke kwa urahisi. Mjerumani ndiye aliyejifunza kusema Wajukuu.

Basi tufanye nini? Kwa wenye majumba ya maonyesho, ombi langu ni dogo: sentensi tatu za Kiswahili kando ya kila picha, zilizoandikwa na mtu aliyezungumza na msanii. Kwa wanaotangaza nafasi, mruhusuni kijana aeleze kazi yake kwa Kiswahili, nanyi mtafute mfasiri. Gharama ya mfasiri ni ndogo kuliko hasara ya kipawa kilichokatwa ulimi.

Kwa walimu wenzangu wa Kiswahili, msingoje mtu yeyote. Insha ya wasifu inaweza kuandikwa mbele ya picha. Aliye Nairobi awapeleke wanafunzi katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, palipo na mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais. Aliye mbali asimame na darasa lake mbele ya mlango ulionakshiwa, mkeka, chungu, au matatu iliyopambwa kwa rangi. Waulize: unaona nini? Kwa nini rangi hii na si ile? Aliyeitengeneza alitaka tuhisi nini? Wapeni ruhusa ya kukosea istilahi, mradi wasikose kutazama.

Nawe mwanafunzi, ukiingia katika maonyesho ukakuta maandishi usiyoyaelewa, usidhani kwamba picha haikuandaliwa kwa ajili yako. Itazame kwanza. Kisha mtafute msanii, au yule askari aliyesimama pembeni, umwulize kwa lugha yako. Majina ya Kiswahili tayari yako mlangoni kwa muda wa zaidi ya miaka 60. Wakati umefika wa lugha hiyohiyo kukaribishwa ndani.