Jua la mwezi wa kumi si mchezo

Ndugu wafanyakazi, Lubumbashi iko juu, karibu mita 1.200, na tumezoea hewa ya kiasi. Lakini mwezi wa 10, mvua ikichelewa, joto linapita kipimo.

Kazini: Usingoje kiu. Kunywa kikombe cha maji kila dakika 20. Pombe haitoi kiu, inakausha mwili. Aliyetoka likizo aanze kazi nzito polepole: mwili unahitaji wiki 1 au 2 kuzoea joto. Kofia ya usalama usiivue, pumzika kivulini.

Kichwa kikiuma, macho yakizunguka, misuli ikikaza, acha kazi, mwambie shefu. Mwenzako akianza kusema ovyo au akianguka, hapo kuna hatari ya kufa. Mpelekeni kivulini, mloweshe maji, mpepeeni, iteni watu wa dispanseri mara moja. Akizimia, msimtilie maji kinywani.

Nyumbani: Mama, mtoto mchanga anyonye mara nyingi zaidi. Mkubwa apewe maji yaliyochemshwa. Ukimbeba mgongoni, usimfunike nguo nzito.

Mvua itakuja. Tuipokee wote tukiwa wazima.