Kitambaa chenye dawa bado chahitaji sabuni na jua

PAMBA ni zao la miaka mingi katika Kitui na Makueni, na nyuzi zake hutumika kutengenezea bandeji, shuka za hospitali na sodo za kufuliwa. Hata hivyo, sifa inayoifanya ipendwe, yaani kufyonza maji upesi, ndiyo huifanya iwe makao ya viini.

Uzi wa pamba ukilowa jasho au damu, bakteria na kuvu hupata unyevu na chakula. Huzaana, huleta harufu mbaya na huweza kuidhuru ngozi.

Ndiposa wataalamu wa nguo hutia kitambaa dawa ya kuzuia viini. Wazo hilo si geni. Mnamo 1865, daktari Joseph Lister wa Glasgow, Uskoti, alianza kufunga vidonda kwa vitambaa vilivyolowekwa asidi ya kaboliki.

Siku hizi hutumiwa madini ya fedha, ambayo huvuruga protini za bakteria. Aina fulani za chumvi za amonia, ambazo hupasua utando wake. Na kitosani, itokanayo na magamba ya kamba na kaa. Mwarobaini, mti unaojulikana sana Ukambani, pia umechunguzwa na watafiti kwa kazi hiyo.

Tatizo kubwa ni kufua. Dawa isiyoshikamana vyema na uzi hupungua kila nguo inapofuliwa, na ile inayotoka huishia kwenye maji machafu. Isitoshe, viini vinavyozoea dawa hafifu huweza kuwa sugu.

Mnamo 2016, Marekani ilipiga marufuku dawa ya triklosani katika sabuni za kunawia, kwa kuwa watengenezaji hawakuthibitisha kuwa inashinda sabuni ya kawaida.

Kitui ina kiwanda cha ushonaji, KICOTEC, ambacho kiligeukia barakoa virusi vya corona vilipoingia nchini Machi 2020. Kiwanda chochote kinachotaka kuuza kitambaa chenye dawa kinapaswa kwanza kueleza kitambaa hicho kitafuliwa mara ngapi kabla ya dawa kuisha.

Swali hilo lina uzito katika kaunti hizo kame, ambako maji ni haba na msichana huenda akaanika sodo yake mafichoni kwa kuona haya. Dawa yaweza kupunguza harufu, lakini haiondoi damu iliyoganda. Kazi hiyo ni ya maji safi na sabuni, kisha kitambaa kikaushwe kabisa juani.