Visiwa Vidogo, Haki Kubwa

Katika Mlango wa Bahari wa Msumbiji viko visiwa vya Glorioso, Juan de Nova na Europa, na mwamba wa Bassas da India ambao maji yakijaa karibu wote huzama. Hakuna raia akaaye huko. Ufaransa huweka askari wachache wa zamu katika vile visiwa vitatu. Hata hivyo Madagaska yavidai vyote.

Ndugu msomaji wa Moshi aweza kuuliza, je, yatuhusu nini? Mkulima wa mpunga wa Mabogini atamjibu upesi. Yeye ajua kwamba jaruba dogo lililo penye mlango wa mfereji lazidi thamani ekari nyingi za chini, kwani alishikaye ndiye ashikaye maji. Sheria ya Bahari ya 1982 humpa mwenye kisiwa samaki, mafuta na gesi hadi maili 200 za baharini, ingawa huunyima haki hiyo mwamba usiokalika.

Visiwa hivyo vilitawaliwa pamoja na Madagaska. Tarehe 1 Aprili 1960 Ufaransa ilivitenga kwa amri. Madagaska ikapata uhuru tarehe 26 Juni, siku 86 baadaye. Msimamizi wa mirathi akilimega jaruba la mlangoni yatima akaribiapo kukabidhiwa shamba, wazee watamwitaje?

Tarehe 12 Desemba 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Ufaransa ianze mazungumzo ya kuvirudisha. Mwaka 2019 nchi hizo mbili ziliahidiana kupata suluhisho kabla ya tarehe 26 Juni 2020. Siku hiyo ikapita bila mapatano.

Watetezi wa Ufaransa waweza kusema kwamba tamko la Umoja wa Mataifa la kukataza kuzimega nchi zilizotawaliwa lilitolewa Desemba 1960, baada ya amri ile. Lakini mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa, ikitoa maoni juu ya Visiwa vya Chagos vilivyomegwa kutoka Mauritius mwaka 1965, ilieleza kuwa tamko hilo lilithibitisha haki ya watu kujitawala.

Sisi, ambao mpaka wetu hapa Kilimanjaro ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 pasipo kuulizwa Mchagga wala Mtaita, hatuwezi kunyamaza. Twaiheshimu mipaka tuliyoirithi, kama wakuu wa Afrika walivyoazimia Cairo mwaka 1964. Lakini kuheshimu mpaka si kuhalalisha jiwe lililosogezwa usiku wa kuamkia urithi. Ufaransa na irudi mezani.