BREKI KUBWA, RIMU NDOGO: USIJE UKAUMBUKA NA MKOKO WAKO!

Mjini hapa kila msimu una ugonjwa wake. Ulikuwepo ugonjwa wa spika nene kwenye buti, ukaja wa vioo vyeusi tii, na sasa washikaji wenye magari ya juu wanaumwa breki. Yaani mtu ana Surf au Prado yake safi, inatembea, haina kesi na mtu, lakini hapati usingizi mpaka mkichungulia katikati ya rimu muone diski pana kama sahani ya pilau na kalipa nyekundu imeikumbatia. Hapo ndipo anajiona anatesa.

Kwa wale wa daladala wenzangu, kalipa ni lile koleo la chuma linalobana diski ukikanyaga breki. Ndani yake kuna pistoni zinazosukuma pedi. Ndiyo imeisha hiyo, huna haja ya kwenda VETA kuelewa habari hii.

Sasa mimi sina ugomvi na breki kubwa. Ugomvi wangu ni na wale wanaonunua kwanza, halafu wanapima baadaye. Kuna jamaa ukiwauliza kwa nini wanabadilisha wanakuambia eti "gari isimame palepale." Hebu tuelewane. Kama breki ulizonazo, zikiwa nzima, zinaweza kufunga tairi au kuiamsha ABS mpaka pedali inatetemeka mguuni, basi anayeamua gari lisimame wapi ni tairi na lami, siyo diski. Unaweza kufunga diski kubwa kama ungo, tairi kipara ni kipara tu, utaserereka vilevile.

Faida ya diski kubwa iko kwenye joto. Hapa naomba Fizikia ya sekondari inisaidie, maana ndiyo elimu niliyotoka nayo. Gari la tani 2.2 likiwa spidi 100 limebeba nguvu ya mwendo kama kilojouli 850. Ukisimama, nguvu yote ile inageuka moto kwenye diski na pedi. Mara moja si tatizo, upepo unapooza. Lakini chukua gari hilohilo, ulishushe mlima unaokuteremsha mita 400 kwenda chini huku umekanyaga breki tu, gia umeiachia. Hapo umezipa breki kama megajouli 8.6. Ni sawasawa na kusimama kutoka spidi 100 mara 10 mfululizo bila kupumzika!

Ndiyo maana ukiteremka Kitonga unasikia ile harufu ya kuungua. Pedi zikipita kiwango cha joto zinaanza kuteleza, unakanyaga kwa nguvu na gari halina habari na wewe. Baya zaidi ni mafuta ya breki yakichemka. Yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na pedali inazama mpaka kwenye kapeti. Hapo hata kama kalipa umeipaka dhahabu haikusaidii. Diski kubwa na nene ina chuma kingi cha kubeba lile joto, kwa hiyo inachelewa kufika huko. Hiyo ndiyo kazi yake. Mtu anayebeba familia na mizigo kwenda mikoa ya milima ana sababu. Anayezunguka Mwenge na Kariakoo kwenye foleni, mimi namwona anauza sura tu, ingawa pesa ni yake.

Na kabla hata hujafika kwenye dili la diski, nikuulize jambo la kishamba kidogo: mafuta yako ya breki uliyabadilisha lini? Yale mafuta yanavuta maji kutoka hewani, polepole, mwaka hadi mwaka. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishalewa maji kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 mpya ni 230, ikichoka ni 155. Umeona tofauti? Kuna watu wanaolia breki hazishiki kumbe ni mafuta yamezeeka, au zile pini za kalipa zimekamata kutu upande mmoja unabana na mwingine unachekacheka. Hayo yanamalizwa na fundi kwa nusu siku, bila kununua chochote cha kujionyesha.

Binamu yangu hakuwa kwenye kundi hilo. Ana Hilux Surf ya mwaka 2004, ile yenye rimu za inchi 16, na wakwe zake wako Iringa. Mara mbili kwa mwaka anapakia mke, watoto, mashemeji na magunia, wanapanda. Safari yake ya mwisho breki zilianza kulegea akiwa anarudi kwenye mteremko, watoto wamelala nyuma. Alipofika Dar akasema hapana, hii sasa basi. Akaniita tukatafute breki kubwa za Prado Gerezani, maana anajua mimi ni mbishi wa bei.

Spea tukazipata, mtumba kutoka Japani, diski mbili za mbele na kalipa zake. Muuzaji akaapa kwa kila alichokiamini kwamba "hii inaingia moja kwa moja, kaka, wala usipime." Ukisikia mtu anakuambia usipime, mshikaji wangu, hapo ndipo pa kutoa futi kamba. Tukakubaliana naye kwa maneno ya wazi, mbele ya kijana wake: tunakwenda kujaribisha gereji, isipokaa tunarudisha ikiwa haina mkwaruzo. Akanuna, akakubali.

Gereji tukamkuta fundi mmoja mtu mzima, ofisi yake iko chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmeleta ugonjwa au mmeleta pesa?"

Alipoziona zile kalipa hakuuliza chochote kuhusu breki. Aliuliza rimu ni inchi ngapi. Binamu akasema 16. Mzee akacheka mpaka akakaa kwenye tairi.

Hesabu yake aliichora chini kwa kijiti. Diski ya zamani tuliyoipima ilikuwa milimita 319, hii mpya 338. Tofauti ni 19 tu, kama asilimia 6, unaweza kuona ni kitu kidogo. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406. Toa 338, inabaki 68, gawa kwa mbili: 34 kila upande. Lakini kalipa haikai ndani ya diski, inapanda juu ya ukingo wake kama mtu aliyekaa ukutani, na mgongo wake ni mnene. Halafu kuna kitu ambacho wengi hawakijui: inchi za rimu zinapimwa pale tairi inapokalia, siyo ndani. Ndani kuna unene wa chuma chenyewe na mabonde yake. Kwa hiyo zile 34 ni za kwenye karatasi tu. Rimu ya inchi 17 ni milimita 432, inakupa 47 kila upande. Hapo kidogo mtu anapumua.

"Mzee, sasa si tungeondoka tu?" nikauliza. Akasema hapana, msiniamini mimi, aminini chuma.

Hapo ndipo niliona kazi. Gari likanyanyuliwa na kuwekwa juu ya stendi (jeki peke yake mzee haiamini hata kwa dakika moja). Kalipa ya zamani ikafunguliwa na kuning'inizwa kwa waya, isiache hosi paipu ibebe uzito. Lile bati la nyuma la kuzuia vumbi likagoma, diski mpya ni pana kuliko lenyewe, ikabidi lifunguliwe. Diski ikaingia kwenye hab, matundu 6 yakakaa, kalipa ikafungwa na bolti zake mbili. Mpaka hapo muuzaji alikuwa sahihi.

Kisha mzee akaomba rimu isiyo na tairi. Akachukua udongo mlaini, hata bigijii iliyotafunwa inafaa, akabandika vidonge kwenye pembe za kalipa: juu ya mgongo, na usoni pale panapotazama mikono ya rimu. Akaivesha rimu, akakaza nati zote kama za safari, akaizungusha kwa mkono. Au niseme alijaribu kuizungusha. Rimu ya 16 haikugeuka hata robo. Ilikaa tu, kalipa imeing'ang'ania.

Akamwazima jirani yake rimu ya inchi 17. Ile ilizunguka bila kelele. Alipoitoa tukaangalia udongo: mgongoni ulibaki mnene vizuri, lakini usoni, upande wa mikono, ulikuwa umebanwa ukawa mwembamba. Mzee akaukata kwa wembe akaupima. Milimita 5. Akasema yeye chini ya 3 hafungi gari la mtu, kwa sababu chuma kikipata moto kinavimba, beringi ina mchezo wake, na barabara zetu mnazijua wenyewe.

Jambo jingine aliloangalia ni risasi. Siyo za bunduki, zile risasi za kubandika ndani ya rimu wakati wa balansi. Rimu inaweza kupita salama, halafu kesho unakwenda kubalansi, kijana anabandika risasi palepale inapopita kalipa. Unatoka barabarani unasikia kra-kra-kra, risasi imeng'olewa, usukani unatetemeka. Kwa hiyo unapokwenda kubalansi sema mapema zibandikwe wapi.

Washikaji wengi wakikuta rimu inagusa usoni wanakimbilia spesa, lile sahani la kuisukuma rimu nje. Mzee haipendi, na mimi baada ya kumsikiliza nimekuwa upande wake. Kwanza, spesa haisaidii kitu kama kalipa inagusa mgongoni, kwa sababu rimu haipanuki kwa kusogezwa nje. Pili, inakula urefu wa stadi. Stadi za Surf ni za milimita 12 na uzi wake ni 1.5, kwa hiyo nati inatakiwa ishike angalau milimita 12, maana yake izunguke mara 8 kamili. Weka spesa nene halafu hesabu. Ukipata mizunguko 4, unatembea na rimu inayofikiria kukuacha. Tatu, beringi inabebeshwa mzigo ambao haikuutarajia. Bora utafute rimu yenye mikono iliyopinda kwa nje, na usome namba ya ET iliyopigwa chapa juu yake, ndiyo inayokuambia rimu itaingia ndani au kutoka nje kwa milimita ngapi.

Basi binamu akakubali kutoa mkwanja wa rimu 4 za inchi 17. Tairi alizokuwa nazo ni 265/70R16, mzee akamwambia anunue 265/65R17. Ukipiga hesabu, ya kwanza ina kimo cha milimita 777 na ya pili 776, kwa hiyo spidomita haidanganyi na gari halikwaruzi popote. Hosi paipu zikabadilishwa mpya, mafuta yakawekwa DOT 4, upepo ukatolewa gurudumu moja moja. Usukani ukazungushwa mpaka mwisho kulia na kushoto huku mzee amelala chini na tochi, kuona hosi haivutwi wala haiguswi na rimu. Pedali ilishuka kidogo zaidi ya zamani, kwa sababu pistoni kubwa zinataka mafuta mengi, lakini ikagota juu na kukaa palepale. Ingekuwa inazama, mzee alisema, gari lisingetoka.

Nati alizikaza kwa spana ya kipimo, akataka tumrudishie gari baada ya kilomita 100 azikague tena. Na alimkataza binamu kwenda safari siku hiyo. Pedi mpya na diski lazima zizoeane: toka spidi 60 punguza hadi 20, taratibu, mara kama 10, usisimame kabisa, kisha endesha bila kugusa breki sana mpaka zipoe. Tulifanya hivyo usiku, barabara ikiwa nyeupe. Harufu ilitoka kidogo, ikaisha.

Wiki iliyopita binamu kapanda tena Iringa na ukoo mzima. Alinipigia simu akiwa kwa wakwe, anajisifu gari ni bab kubwa. Nikamuuliza spea tairi iko vipi. Kimya. Kumbe chini ya gari bado ameninginiza ile ya zamani, inchi 16, ambayo mbele haiingii hata kwa maombi. Akipata pancha ya mbele usiku, itabidi atoe tairi zima la nyuma alipeleke mbele, kisha ile ya 16 aifunge nyuma ambako breki hazikubadilishwa, aende pole mpaka kwenye kijiwe cha pancha. Nimemwambia atafute rimu moja ya 17 hukohuko Iringa kabla ya kugeuza. Kwenda Iringa, Kitonga unaipanda. Kuteremka ni wakati wa kurudi, na wanarudi Jumapili.