Kutunza Njia za Msituni: Jinsi Mkazi Anavyoweza Kujitolea

Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420, ndio kipande kikubwa zaidi cha msitu wa asili wa pwani kilichosalia Afrika Mashariki. Wageni huja kumtafuta bundi mdogo wa Sokoke na sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, na vijana wetu hupata riziki kwa kuwaongoza. Katika hori la Mida, ada ya kupita kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko huchangia karo za wanafunzi wa sekondari kupitia mpango wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya.

Mapato hayo yote hutegemea njia inayopitika. Njia ikifungwa na vichaka, mgeni harudi. Tena, njia isiyopitwa na watu wema huachiwa wategaji na wakata miti.

Kazi yenyewe ni ipi?

Adui mkubwa wa njia ni maji. Udongo wetu mwingi ni mchanga, na mvua ya masika huigeuza njia ya mteremko kuwa mfereji. Dawa yake ni kuchimba mitaro mifupi ya mshazari inayoyatoa maji pembeni kabla hayajapata kasi. Kazi hii hufaa zaidi Februari na Machi, kabla ya mvua, kisha ukaguzi hufanywa mvua zikikatika.

Kazi nyingine ni:

- Kupunguza matawi yanayoziba njia. Upana wa mtu mmoja unatosha. Njia pana hualika pikipiki za wabeba makaa na mbao.
- Kuziba njia za mkato kwa matawi makavu yaliyoanguka, ili mimea irudi.
- Kuokota takataka na kurekebisha vibao vya maelekezo.

Mti ulioanguka njiani usikatwe wala kubebwa bila idhini ya afisa wa misitu. Ukiona mtego wa wanyama, weka alama mahali hapo na umjulishe askari wa msitu mara moja.

Anza ofisini, si msituni

Kuingia na panga katika msitu wa serikali bila ruhusa kunaweza kukufanya ukamatwe, hata kama nia yako ni njema. Kwa hiyo fuata hatua hizi:

1. Jiunge na chama cha jamii cha uhifadhi wa msitu (CFA) cha eneo lako. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inawaruhusu wakazi kuunda vyama hivi na kushirikiana na Huduma ya Misitu Kenya (KFS).
2. Kupitia chama, fika katika kituo cha misitu, kwa mfano Gede au Jilore, mkubaliane siku, njia na vifaa.
3. Nendeni kwa kikundi mkiandamana na askari. Msitu una ndovu. Mkiona kinyesi kibichi au kusikia matawi yakivunjika, rudini mlikotoka.

Vaa viatu vya kufunika miguu na shati la mikono mirefu, na ubebe maji ya kutosha.

Katika misitu ya kaya

Kaya za Wamijikenda, zikiwemo Kaya Kauma, Jibana na Rabai, ziliorodheshwa na UNESCO kuwa turathi za dunia mwaka 2008. Huko njia ina miiko yake: kufungua njia mpya au kukata mti ni mwiko. Wazee wa kaya ndio wenye neno la kwanza na la mwisho. Waone wao kabla ya kushika jembe.

Huhitaji ujuzi maalumu ili kusaidia. Mtu anayejua kulima shamba lenye mteremko tayari anajua jinsi maji yanavyoongozwa. Asubuhi moja kabla ya masika yaweza kuiokoa njia kwa mwaka mzima.