Happy Science: dini ya Kijapani iliyofika Kampala

Ukisikia jina Happy Science unaweza kudhani ni somo la shule. Maana yake ni sayansi ya furaha, lakini ni dini kutoka Japani, na imeshafika ng'ambo ya ziwa letu. Juni 2012 mwanzilishi wake, Ryuho Okawa, alihubiri kwenye Uwanja wa Mandela, Namboole, Kampala.

Okawa alizaliwa 1956, akasoma sheria Chuo Kikuu cha Tokyo, kisha akaajiriwa kampuni ya biashara. Alisema mwaka 1981 roho zilianza kumpa ujumbe, mkono wake ukiandika bila yeye kuutuma. Mwaka 1986 akaanzisha dini yake.

Mengi wanayofundisha hayashtui: upendo, maarifa, kujitafakari na maendeleo. Wanaamini pia kwamba mtu akifa roho yake hurudi kuzaliwa upya. Uzito uko kwa Okawa mwenyewe. Alijitangaza kuwa El Cantare, mungu mkuu wa dunia hii, aliyewahi kuja kama Buddha, na kwamba ndiye yule Yesu aliyemwita Baba.

Wanakwambia huna haja ya kuacha dini yako. Msikilizaji, hapo ndipo pa kutulia. Mkristo au Mwislamu wa Bunda anayealikwa kwa maneno hayo amuulize anayemwalika, kabla ya kitu kingine chochote, El Cantare ni nani.

Okawa alifariki Machi 2023 akiwa na miaka 66. Wafuasi wake wanaendelea.